Hivi Zazu anaimba au haimbi? Nimeweka jogoo rehani

Baba Naima aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijapoteza jogoo.

Juzi tulikusanyika kwa mama, Tanga, sikukuu ya Idd. Baada ya pilau watoto wakawekewa The Lion King kwenye TV. Mimi niko pembeni nachokonoa meno, mdogo wangu yuko mkekani na wanangu. Ikafika pale asubuhi Mufasa anamwonyesha Simba nchi yake, yule ndege Zazu akatua kutoa taarifa. Akaongea weee, Simba akamrukia, mambo yakaendelea. Mdogo wangu akashtuka: "Kaka, mbona wimbo wameukata?"

Wimbo gani? Eti pale Zazu huwa anaimba, wimbo mzima, anawataja twiga na tembo na mamba. Akaanza hadi kuuimba, maneno hayajui lakini sauti anaishika.

Sasa mimi filamu hii naijua kuliko jedwali la kuzidisha. Mwaka 1996 marehemu baba alitununulia mkanda, tukawa tunaupeleka kwa mjomba mwenye deki. Tuliuangalia mpaka picha ikaanza kunyesha mvua. Najua Mufasa anavuta pumzi wapi. Zazu HAIMBI pale. Mdogo wangu amezaliwa 1997, yeye aliikuta kwenye DVD. Nikamwambia umeota, akaniambia uzee. Basi tukawekeana dau: jogoo wa kienyeji, sio wale wa kisasa wanaochemka dakika ishirini. Mkanda wenyewe bado upo kabatini kwa mama lakini umeota ukungu mweupe, na deki ya mjomba ilishakuwa banda la panya.

Mama naye, badala ya kutuamua, akaongeza la kwake. Anasema hawa watu wa katuni ndio zao, hata Aladdin wamemkata mama yake. Kwenye Alfu Lela Ulela alizosoma yeye shuleni, Aladdin alikuwa na mama, tena mama mwenyewe ndiye aliyetumwa kwa sultani kuposa.

Nawasilisha. Wimbo upo au haupo? Na kama wanakata kweli, wanakata nini, na kwa nini?

Kipepe wa Mbagala alijibu:

Dogo atafute jogoo mapema. Anachanganya na ule wimbo wa Simba kutamani ufalme, pale Zazu yumo anabishana nao. Ila nyie wa Tanga bwana, Idd nzima mnagombania katuni!

Fundi Deki alijibu:

Baba Naima, teremsha kisu kwanza. Mmepatia wote wawili.

Miaka ya tisini nilikuwa na maktaba ya mikanda Ngamiani, barabara ya tisa. Kukodi usiku mmoja shilingi mia tatu, ukirudisha bila kuupeleka mwanzo mkanda unalipa hamsini juu. The Lion King nilikuwa nayo nakala mbili na zote zilikufa kazini, kwa hiyo huenda nawajua watoto wa rika lako wote wa Tanga mjini kwa sura.

Ilipoingia sinema Juni 1994, na ilipotoka kwenye mkanda 1995, Zazu pale anaongea tu. Anasoma ripoti ya asubuhi: nyuki wamesema hivi, chui wana shida hii, tembo wana ile. Mufasa hamsikilizi, anamfundisha mwanawe kunyatia. Hiyo ndiyo ya kwako.

Sasa 1997 wakaigeuza mchezo wa jukwaani, New York. Jukwaani unahitaji nyimbo nyingi kuliko kwenye filamu, basi Elton John na Tim Rice wakaandika nyingine, na mojawapo ndiyo hiyo ripoti ya asubuhi ikiimbwa. Walipotoa DVD mwaka 2003 wakaona watu wameupenda, wakachora picha mpya za kuufuata na kuuchomeka ndani ya filamu. Sauti ya Zazu ni Rowan Atkinson, huyo huyo Mr. Bean, lakini wimbo hakuuimba yeye, aliimba Jeff Bennett. Ukitega sikio utamsikia ndege amebadilisha koo katikati ya safari.

DVD yenyewe ilikuja na zote mbili, ya zamani na ya nyongeza, unachagua. Nakala zetu za kuchoma zilikuwa hazikuulizi, unapata alichochagua mchomaji. Nadhani ndiyo ilimfikia mdogo wako. Kwenye toleo la Blu-ray la 2011 wimbo ukaondolewa tena, ndiyo maana Idd hii hakuuona. Kwa hiyo ule haukukatwa: ulipandikizwa, ukang'olewa.

Na mimi nasema walifanya vizuri kuung'oa. Utamu wa pale ni ndege kusoma ripoti kwa bidii zote huku bosi wake amempa mgongo. Kila mwenye ofisi anakijua kisa hicho. Ukishamwimbisha, Mufasa na Simba wanabaki wasindikizaji kwenye tukio lao wenyewe, na ule mruko wa Simba mwishoni, ambao ndio ulikuwa unangojwa, unachelewa mpaka unapoa.

Ukitaka vilivyokatwa kweli kwenye filamu hiyo hiyo, viko. Kabla ya Hakuna Matata, Timon na Pumbaa walikuwa na wimbo mwingine kabisa, Warthog Rhapsody, wa kumsifia ngiri. Ukatupwa, ukaja kuibukia kwenye albamu ya 1995. Hebu fikiria wauza fulana wa ufukweni kuanzia Mombasa hadi Nungwi wangeandika nini vifuani. Halafu Nala, yule jike anayekuja kuwa mke wa Simba, alikuwa na mdogo wake wa kiume, jina Mheetu. Wameliandika lionekane la kwetu, lakini ukilitamka haraka ni Kiingereza cha "na mimi", jina la mtoto anayewafuata wakubwa kila waendako. Na Simba alikuwa na rafiki, bweha masikio anayeitwa Bhati. Wote wawili wakaondolewa kwenye karatasi kabla hawajapata rangi.

Lililoacha kovu ni la Scar, yule ami yake Simba aliyenyakua ufalme. Jukwaani kuna sehemu Scar amechanganyikiwa na ufalme, halafu anamtaka Nala awe malkia wake. Nala anamkatalia, anaondoka. Sehemu hiyo iliwazwa kwa ajili ya filamu, ikakatwa. Sasa rudi uangalie: Nala anapokutana na Simba kule msituni anasema amekuja kutafuta msaada, nchi imeharibika. Sawa, tunamwamini. Lakini mtu haachi mama yake na kwao akavuka jangwa peke yake kwa sababu ya njaa tu. Kuna kitu kilimfukuza, na sisi hatujaonyeshwa. Mimi nilikuwa nalihisi tangu 1995 nikiwa nimekaa kaunta, nilikuwa sijui tu linaitwaje.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza utajuaje kipande kimekatwa, nawaambia tafuta njaa. Chukua Snow White, ya 1937, ile ya mbilikimo saba. Binti anapika supu. Mbilikimo wanarudi, anawaambia hakuna kula mpaka mnawe. Wanakwenda kunawa, na pale kunawa ni kisa kirefu, mwenye hasira anashikwa kwa nguvu anatumbukizwa kwenye maji. Binti anaita: chakula tayari! Wanakimbia. Halafu? Tunapelekwa kwa malkia mwovu. Tukirudi nyumbani kwa mbilikimo wanapiga vinanda na kucheza. Supu haijaliwa na mtu! Filamu imetumia dakika nzima kuinawia mikono na haijaila.

Ililiwa. Kipande hicho kipo, nimekiona. Ni penseli tupu, hakuna rangi, mistari inatetemeka kama inapumua. Wamekaa mezani, wanavuta supu kwa sauti na mvuto wenyewe unakwenda na mdundo wa wimbo, mmoja anavuta juu mwingine anaitikia chini. Ndevu zimo bakulini. Binti anawafundisha kushika kijiko kama waungwana, wanajaribu, wanashindwa, Dopey anameza kijiko chake. Aliyeichora ni kijana anaitwa Ward Kimball, alikesha nayo miezi. Imekwisha, inachekesha, kila mtu ameisifu, Walt Disney akaiangalia akasema inaichelewesha hadithi, malkia anangoja. Ikatoka. Kimball akaenda ofisini kwa Walt kuacha kazi. Walt hakumbembeleza. Akaanza tu kumsimulia filamu inayofuata, Pinocchio, na kwamba kuna nyenje mle ndani anatafuta mtu wa kumsimamia. Kimball akatoka akiwa na Jiminy Cricket mikononi na barua ya kujiuzulu ikiwa bado mfukoni, kwa namna ya kusema. Supu yenyewe watu walikuja kuionja 1956, Walt alipoionyesha kwenye kipindi chake cha televisheni.

La mama Aladdin nawaachia wengine, mkono umechoka.

Mchoraji wa Umoja alijibu:

Fundi, salaam kutoka Nairobi. Umeniliza na hiyo supu.

Mimi nachora katuni kwa riziki, nyingi ni za matangazo na masomo ya watoto. Niongeze upande wa meza, maana watu wakisikia "kipande kimekatwa" wanadhani ni kama filamu ya watu, kwamba mlipiga picha nyingi mkaacha nyingine. Sisi hatuna cha kuacha. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Ukichora kwa mbilimbili, yaani mchoro mmoja unakaa fremu mbili, ni michoro 12 kwa sekunde kwa mhusika mmoja. Dakika moja ni michoro 720. Sasa weka mbilikimo saba mezani, na kila mmoja ana ndevu zinazocheza kivyake!

Kwa hivyo tunakata mapema, kwenye storibodi. Michoro ya storibodi inapangwa kwa mfuatano, inawekewa sauti za kuazima, hata mhasibu anaweza kuombwa asome maneno ya simba. Hiyo tunaiita animatiki. Unaketi unaitazama na roho mkononi. Kikiboesha hapo, kinatoka hapo, hakuna aliyeumia sana. Kikishapita kinachorwa kwa penseli, kinasafishwa, na zamani zile kikinakiliwa kwa wino kwenye karatasi ya plastiki na kupakwa rangi upande wa nyuma. Wale wa wino na rangi kule kwa Disney wengi wao walikuwa wanawake, majina yao huyaoni mwishoni mwa filamu. Ndiyo maana vipande vingi vya zamani unavikuta ni penseli: vilikamatwa kabla havijafika kwa akina dada.

Kilichokatwa baada ya rangi ni msiba wa aina yake. The Black Cauldron ya 1985 ilikatwa kama dakika 12 ikiwa imeshamalizika. Ilionyeshwa kwa majaribio, watoto wakaogopa, na Jeffrey Katzenberg, mkuu mpya wa studio, akaingia chumba cha uhariri akitaka kuikata mwenyewe kwa mkono wake. Ilibidi apigiwe simu na mkubwa wake kumtoa. Ilikatwa tu, na ukiitazama kuna mahali muziki unaruka kama gari limepita kwenye tuta.

Lakini huyo huyo Katzenberg alitaka kutoa Part of Your World kwenye The Little Mermaid, 1989, kwa sababu kwenye onyesho la majaribio mtoto mmoja alimwaga bisi zake akaanza kuhangaika nazo. Wenzake, akiwemo mtunzi Howard Ashman, wakakataa kabisa. Wimbo ukabaki, na bila wimbo huo sijui yule binti angekuwa anataka nini filamu nzima. Bisi! Kila nikiambiwa "watoto hawakutulia hapa" nakumbuka zile bisi.

La kwangu ni dogo, lakini nitalisema maana limenikaa. Kuna kazi nilimfanyia mteja mmoja, tangazo la sekunde 45. Nilikuwa na mbwa koko anaiba andazi kibandani, anakimbia, anageuka kuona kama anafuatwa, halafu anagundua ni la jana, limekauka, analiweka chini taratibu na kuondoka kwa heshima. Sekunde sita. Kile kichwa kugeuka nilikichora mara nne mpaka nikapata ile aibu ya mbwa anayejua amekosea. Siku ya mwisho mteja akasema muda wa hewani umepunguzwa, tangazo liwe sekunde 30, na bei ya bidhaa lazima ikae sekunde tano mwishoni. Mbwa akatoka. Tangazo lilirushwa miezi mitatu, kila nikiliona pale kibandani namwona mbwa wangu hayuko. Nimemweka kwenye folda. Siku moja nitampatia filamu yake.

Na hilo pia si geni. Kwenye Fantasia, 1940, kulikuwa na kipande kizima cha ndege weupe wa majini wakiruka usiku kwenye kinamasi, muziki wa Debussy. Kilikatwa kwa urefu. Miaka sita baadaye wakakivisha wimbo mwingine wakakitia kwenye Make Mine Music. Kwa mchoraji hakuna takataka, kuna akiba.

Kijana wa Ruwi alijibu:

Assalaam alaykum. Baba Naima, mpe bi mkubwa salamu zangu kutoka Muscat, kasema kweli tupu. Kwenye kisa cha asili Aladdin ni yatima wa baba, baba mtu alikuwa mshoni, na mama ndiye anayehangaika naye.

Huyo Howard Ashman aliyetajwa hapo juu ndiye aliyelileta wazo la Aladdin pale studio, na mama alikuwemo. Alimwandikia Aladdin wimbo, Proud of Your Boy: kijana asiye na kazi anamwomba mama yake radhi kwa utundu wote na kumwahidi kwamba ipo siku atamtia fahari. Ashman akafariki Machi 1991. Mwezi uliofuata Katzenberg akaangalia filamu yote kwenye michoro, akaikataa, waanze upya, na agizo mojawapo likawa mama atoke. Mama alipotoka, wimbo ukakosa wa kuimbiwa. Alan Menken, aliyetia muziki, alijaribu kuuokoa wimbo wa rafiki yake, hakufanikiwa. Walitoka pia marafiki watatu wa Aladdin: Babkak, Omar na Kassim. Ukiangalia filamu ya 1992, kijana hana mtu duniani ila tumbili.

Ilipopelekwa jukwaani New York, 2014, marafiki wakarudi na wimbo ukarudi. Mama hakurudi, ameshakufa kabla pazia halijafunguka, kijana anamwimbia marehemu. Nilimsimulia mama yangu hivyo, akasema: "Afadhali wangemwacha nje, kuliko kumwita kumzika."

Sisi huku tuna mkato mwingine tunaukumbuka kutoka filamu hiyo hiyo, na huu si wa mhusika. Wimbo wa mwanzoni kabisa, yule mwenye ngamia anaisifia nchi yake ya Kiarabu, ulipokuwa sinema ulisema kwamba kule wanakukata sikio wasipoipenda sura yako. Jumuiya ya Waarabu wa Marekani inayopinga ubaguzi ikalalamika, na mkanda ulipotoka 1993 mstari ukawa unasema habari za nchi tambarare na joto kali. Joto sawa, hilo hatukatai, Julai hapa ukisahau funguo ndani ya gari hutamani kuzishika. Ila mstari unaofuata, unaosema ni ushenzi lakini ndiyo nyumbani, wakauacha. Uliguswa 2019 kwenye ile ya waigizaji watu. Kwa hiyo walikata nusu ya tusi, nusu ikabaki miaka ishirini na kitu.

Kipepe wa Mbagala alijibu:

Duh, nilikuja kucheka nimejikuta nasoma uzi wote. Nafuta kauli kuhusu watu wa Tanga. Fundi, swali: kuna mhusika aliyekatwa BAADA ya watu kumwona? Yaani alikuwepo, tukamzoea, halafu akapotezwa?

Fundi Deki alijibu:

Yupo. Anaitwa Sunflower, na kumsimulia kunanichukua muda kwa sababu kila nikianza nafuta.

Ni kwenye Fantasia hiyo hiyo aliyoitaja dada yetu wa Nairobi, kipande cha Simfoni ya Sita ya Beethoven. Kuna mabinti nusu mtu nusu farasi, wa rangi za peremende, wanaoga na kujipamba kungoja wachumba. Katikati yao kuna mmoja mdogo, mweusi. Nywele zimesukwa vifundo vya kuchekesha, midomo imekuzwa. Wenzake chini ni farasi, yeye chini ni punda. Kazi yake ni kupiga magoti awang'arishe kwato, na kumfuata mmoja akimshikia maua ya mkiani. Hasemi neno lolote, anatabasamu.

Alikaa hapo 1940 mpaka miaka ya sitini, filamu ikirudishwa sinema naye anarudi. Mwaka 1969 walipoirudisha tena wakamtoa. Shida ni kwamba filamu ile inatembea na muziki, ukikata picha unakata na Beethoven. Kwa hiyo kwenye matoleo ya baadaye wakatumia njia nyingine: wanaivuta picha karibu ili yeye abaki nje ya fremu. Ukiwa na jicho la ufundi unaona. Binti yuko sawa, ghafla uso unakuwa mkubwa, chembechembe za picha zinatanuka, rangi inapoteza ukali, halafu inarudi. Hapo pembeni, nje ya kioo, kuna mtu anapiga kwato rangi.

Mara ya kwanza nilidhani ni mkanda wangu una kasoro. Nilifungua deki, nikasafisha vichwa kwa pamba na spiriti, nikarudisha. Pale pale. Miaka imepita ndipo nikaja kuona picha zenyewe na kuelewa nilikuwa nasafisha nini.

Kumtoa mbele ya watoto sina ugomvi nako. Binti yangu alipokuwa na miaka sita aliangalia kipande hicho hapo dukani, akachagua yule farasi wa bluu kuwa ndiye yeye. Sitaki kufikiria angemkuta mwingine akamchagua huyo, au akakataa kumchagua na akanyamaza. Linalonikera ni kwamba mabinti wengine wawili weusi, nusu pundamilia, wanaomhudumia mungu wa mvinyo kwenye kipande hicho hicho, waliachwa. Hao kumbe hawakuonekana aibu, kwa vile ni warembo. Mkasi wenyewe ulikuwa na mizani yake.

Mchoraji wa Umoja alijibu:

Mzee Deki, mimi nimezitazama fremu zake moja moja, kikazi. Ubaya ni kwamba amechorwa vizuri. Mwendo wake una uzito, kile kidole kinachopima kama ukwato umeng'aa kimechorwa na mtu anayejua. Ningefurahi sana angechorwa ovyo.

Baba Naima alijibu:

Wakuu, asanteni sana. Mzee wangu Fundi Deki, shikamoo kwanza, sikujua naandika na mkubwa. Nadhani hata mimi nilishawahi kulipishwa hamsini kwenye kaunta yako, na haki yako ulikuwa nayo.

Nimempigia mdogo wangu nikamsomea jibu lote. Pale "mmepatia wote wawili" akashangilia kama Coastal wamefunga, pale "ulipandikizwa" nikashangilia mimi. Mama akachukua simu, akauliza dau lilisemaje hasa. Tukamwambia: Zazu anaimba au haimbi. Akasema basi anaimba kwa mmoja na haimbi kwa mwingine, kila mtu alete jogoo wake, Jumamosi tuje kula. Jogoo wawili sasa. Na habari za mama Aladdin kuzikwa kabla ya pazia hajazipenda, anasema huyo kijana wa Ruwi mama yake ana akili.

Usiku nimeiangalia tena peke yangu, watoto wamelala. Nala anapomwambia Simba kuhusu nyumbani, nimemtazama usoni tu. Fundi, umeniharibia, siwezi tena kuona njaa pale.

Ombi la mwisho: ule mkanda wa baba nilitaka niuangalie mara moja tu. Nikipata deki ya kuazima, niuingize hivyo hivyo na ukungu wake?

Fundi Deki alijibu:

Marahaba mwanangu. Usithubutu! Ukungu ule utaganda kwenye vichwa, utaua deki ya watu na mkanda utakatika. Usiuanike juani pia, utajikunja. Ufunge kwenye gazeti kavu, Jumamosi ukienda kwa mama upitie kwangu, nyumba ni ile ile nyuma ya lilipokuwa duka. Nina deki moja mbovu ambayo kazi yake ni kuvuta mikanda taratibu nikiifuta kwa mkono. Mkanda wa filamu ndefu kama ule unanichukua mchana mzima.

Shingo ya mmoja wa hao jogoo ni yangu.